Cheti cha Saru

Kazi yangu ilikuwa kuwatazama watoto wa watu usoni, kusoma karatasi zao, kisha kusema huyu atacheza na huyu hatacheza. Niliifanya miaka mingi katika ofisi ya michezo pale Voi, na hakuna aliyenipenda kwa ajili yake. Makocha walinichangamkia kabla ya ukaguzi na kuninyima salamu baada yake. Sasa nimestaafu, na nyinyi mlioachiwa meza yangu mmeniuliza zaidi ya mara moja mtu hujifunza vipi kuujua umri wa mtoto. Nitawaeleza nilivyojifunza mimi. Halafu nitawaeleza habari ya msichana mmoja wa Makwasinyi, chini ya mlima wa Kasigau, ambayo sijapata kuiandika mahali popote.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwadime, mwalimu mkuu wa zamani kutoka milimani, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa na lenzi ya kukuzia maandishi iliyovunjika mpini, akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Siku yangu ya kwanza aliniketisha katika darasa tupu, wavulana ishirini na wawili wakisubiri nje, akaniambia, "Rehema, usimuulize mtoto ana miaka mingapi. Hilo amefundishwa njiani. Muulize nani amemfuata kuzaliwa, na huyo aliyemfuata yuko darasa la ngapi."

Kisha akanipa cheti cha kuzaliwa na kusema, "Nusa."

Nikanusa. Kilinuka wino.

"Kimeandikwa juzi. Sasa nusa hiki."

Hiki cha pili kilinuka moshi wa jikoni na nguo za sandukuni. Tangu siku ile nimenusa vyeti maisha yangu yote ya kazi, na najua baadhi yenu mlidhani nina mafua yasiyopona.

Alinifundisha pia kuhesabu magego ya mwisho, ingawa mara nyingine hayakuhitajika. Kuna golikipa mmoja wa netiboli, wa chini ya miaka kumi na sita kwa maneno ya kocha wake, aliyefungua kinywa nimkague. Mtoto mchanga aliyebebwa na mwanamke mmoja nje ya dirisha akaanza kulia, na jezi ya golikipa ikalowa maziwa kifuani. Nilifunga daftari. Naye akainuka, akaenda kumnyonyesha mwanawe.

Katikati ya miaka ya tisini ikaja barua kwamba kutakuwa na mechi za mchujo za mpira wa miguu za wasichana wa chini ya miaka kumi na sita. Kwanza wilayani, halafu mkoani, halafu itachaguliwa timu ya taifa ya kwenda kwenye mashindano ya vijana ng'ambo. Ofisini walicheka, barua ikazunguka meza zote, ikatua kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwanamke. Nyumbani ami yangu alinisubiri baada ya sala ya alasiri.

"Rehema, wasichana wa watu watavaa kaptula mbele ya wanaume, na mwenye kuandika majina ni wewe?"

"Ni mimi, ami."

Akafikiri kidogo. "Basi yaandike sawasawa."

Raundi ya kwanza tuliichezea Voi, timu nne. Timu ya Kasigau ilifika asubuhi juu ya lori la mkaa walilolipata Maungu, wasichana weusi tititi kwa vumbi la magunia, wakaoga kwa zamu kwenye bomba la uwanjani. Kocha wao alikuwa Mwalimu Mghoi, mwalimu wa shule ya msingi, binti mdogo tu, na karatasi za timu nzima alizibeba ndani ya kopo kubwa la mafuta ya kupikia ili zisilowe wala zisikunjike. Nilimpenda kwa hilo kopo.

Wa tisa kuingia alikuwa msichana mwembamba, mdogo kuliko wenzake, amevaa jezi nambari tisa. Cheti chake kilinuka moshi kama inavyotakiwa. Jina Saru, umri miaka kumi na mitano. Kulikuwa na cheti cha ubatizo, na kadi ya kliniki ambayo muuguzi aliandika pembeni kwamba mtoto alikanyaga majivu ya moto na ana kovu kisigino cha kushoto. Nikamwambia avue kiatu. Kovu lilikuwapo, umbo la punje ya kunde. Karatasi safi kuliko hizo sijaziona. Nilimuuliza lile swali la mzee kwa mazoea tu.

"Nani amekufuata kuzaliwa?"

"Hakuna."

"Na wewe ulimfuata nani?"

Alilitazama kopo mikononi mwa mwalimu wake, kisha akanitazama mimi.

"Nilijifuata mwenyewe."

Mwalimu Mghoi alicheka kicheko kifupi. "Huyo ndivyo huongea, madam. Mwache tu."

Nikaweka alama ya vyema, na msichana akatoka.

Mechi yao ilikuwa saa sita mchana, jua la Voi mnalijua. Kasigau walicheza na timu ya mjini, wasichana wenye viatu vya maana na wazazi wenye sauti. Baada ya dakika chache niliona jambo ambalo sikulielewa. Wachezaji wa Kasigau waliitana kwa majina, Malemba, Wawuda, Mkamburi, lakini yule mdogo waliyemtegemea kwa kila mpira hawakumtaja jina. "Tisa," walisema. "Tisa, nyuma yako. Tisa, piga." Alipofunga bao la kwanza kwa mguu wa kushoto, wenzake walirudi upande wao bila kumgusa. Kina mama waliotoka naye Kasigau walikuwa wamekaa kando ya mstari. Walitazama chini, na mmoja wao akaweka kidole mdomoni kama anayemnyamazisha mtoto.

Halafu kulikuwa na zile pasi zake. Alikuwa anausukuma mpira upande wa kushoto, mahali pasipo na mtu, kisha anakimbia mbele bila kugeuka kutazama. Na mpira ulikuwa unarudi. Unagonga kitu chini, unapinda, unamkuta mguuni. Mara ya kwanza watu walicheka, mara ya tano hakuna aliyecheka. Uwanja wetu wa Voi ulikuwa na mashimo mengi wakati ule. Nilijiambia ni mashimo.

Walishinda mabao manne kwa moja, na ndio wakapata nafasi ya kuiwakilisha wilaya. Keshokutwa yake nilikuta karatasi ya daftari imepenyezwa chini ya mlango wa ofisi, mwandiko wa mtu mzima anayejificha. *Saru wa Makwasinyi alizikwa zamani. Nendeni mkaone.* Na timu ya mjini ilikuwa imekata rufaa rasmi, ikidai msichana yule si mwenye cheti kile. Nilikuwa na wiki moja kabla ya raundi ya mkoa kule Mombasa. Nikikubali rufaa, Kasigau wote wanatolewa, wasichana kumi na wanane waliokuja juu ya mkaa. Nikiikataa na ikawa kweli, aibu ni ya wilaya nzima.

Tulikwenda na Landrova ya ofisi, mimi na dereva wetu Kilonzo, Mkamba wa Maungu, mtu wa maneno mengi. Tukaiacha barabara kuu hapo kwao, tukashika ile ya vumbi kuelekea mlimani. Kilonzo alizungumza mpaka tulipoanza kuuona mlima wa Kasigau na wingu lake juu, chini pakavu kabisa, na hapo akanyamaza. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni barabara tu.

Tulifika saa nne. Mama yake msichana alikuwa uani anaanika kunde juu ya gunia. Watu wote walimwita Mama Saru.

"Karibu, mwalimu," akasema.

"Mimi si mwalimu, mama. Natoka ofisi ya michezo."

"Mtu wa karatasi ni mwalimu tu. Kaa."

Nilikaa, nikanywa maji, nikaeleza kilichonileta. Nilitarajia ubishi au kilio, kwa maana nimeona vyote. Yeye alipangusa mikono, akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na kaburi dogo lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na msalaba wa chuma ulioandikwa SARU kwa rangi nyeusi. Palifagiliwa asubuhi ile, alama za ufagio bado zilionekana. Mbele ya msalaba vilipangwa viatu. Vya kwanza vilikuwa vya mtoto anayejifunza kutembea. Vilivyofuata vilikuwa vikubwa kidogo, na vilivyofuata vikubwa zaidi, jozi baada ya jozi, na za mwisho zilikuwa raba za kuchezea mpira, saizi ya yule msichana niliyemkagua.

"Kila nikimnunulia mmoja, nanunua na vya mwingine," akasema Mama Saru. "Si vizuri ndugu wapishane."

Niliinama nikaokota raba moja, ya kushoto. Soli yake ilikuwa imelika, imeshika vumbi jekundu. Nilijiambia kwamba msichana huzivaa jozi zote mbili kwa zamu, nikairudisha nilipoitoa.

Akanieleza yote bila kuficha. Saru alikufa kwa surua akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mwaka uliofuata akazaliwa msichana mwingine, na mkunga alipomgeuza akaona alama kwenye kisigino cha kushoto, mahali palepale Saru alipoungua. Mkunga akasema huyu mtoto si mgeni. Basi hakupewa jina jipya, hakuandikishwa, na Saru hakuandikwa kwamba amekufa. Alipofika umri wa shule wakatumia cheti kilichokuwapo.

Nilipiga hesabu. Msichana hakuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa na kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Hakumdanganya mtu umri, karatasi ilikuwa imemzidishia.

"Mama, hili ni jepesi," nikasema. "Tunaandikisha kifo cha wa kwanza, na huyu tunamwandikisha kwa kuchelewa, jina lake mwenyewe. Atacheza bila shida."

"Ukiandika amekufa, utakuwa umemuua nani?"

"Hakuna atakayeuawa. Ni yule aliye hapa," nikaonyesha kaburi.

"Na umejuaje ni yule aliye hapo?"

Niliinua macho nikamwona msichana mwenyewe chini ya mteremko, kama hatua hamsini, amenipa mgongo, anachota maji kwenye tangi la shule. Nikaona ni haki naye asikilize. Nikaita, "Saru."

Mama yake alinishika mkono, lakini nilikuwa nimekwisha kuita.

"Nipo," ikajibu sauti.

Ilitoka nyuma yangu, karibu, upande wa vile viatu. Haikuwa sauti ya mtoto mchanga. Ilikuwa ya msichana mkubwa, wa umri ule ambao cheti kilisema. Niligeuka, hapakuwa na mtu. Nilipotazama tena tangini, msichana alikuwa ameliweka chini dumu lake na ndiyo kwanza anageuka. Hakufungua mdomo. Akaanza kupanda kuja tulipo.

Kilonzo alikuwa ameegemea gari. Nilimwona anavua kofia, anaishika kifuani, kisha anaivaa tena.

Msichana alifika akasimama kati yangu na mama yake. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Ukiita hivyo mimi siitiki," akaniambia kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Yeye ndiye huitika."

"Ndiyo sababu wenzako wanakuita Tisa?"

"Ndiyo. Wanaogopa."

"Na wewe wataka nini?"

Alimtazama mama yake kwanza. "Nataka jina langu. Wakesho. Nimelichagua kitambo."

"Na mwenzako?" akauliza mama yake. "Atabaki na nani?"

"Mwenzangu ako na jina tayari, mama." Akakaa chini, akashika kisigino chake. "Yeye hachoki. Anataka tukimbie tu. Mimi nachoka."

Kuku walikuwa wanazila kunde pale uani na Mama Saru hakwenda kuwafukuza.

Tuliporudi, tumekwisha kupita Maungu, Kilonzo akasema, "Madam, mimi sikusikia kitu." Nilikuwa sijamuuliza.

Siku ya pili nilipanda milimani kwa Mzee Mwadime, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimweleza. Aliisoma kadi ya kliniki kwa lenzi yake, taratibu, mbele na nyuma.

"Umri umezidi?"

"Umepungua, mzee."

"Basi mtoto ni halali, karatasi ndiyo si halali. Rekebisha karatasi."

"Na ile sauti?"

Aliipangusa lenzi kwa shati, akaipangusa tena. "Hapo sikukufundisha kitu, Rehema. Sikupajua."

Nilirekebisha karatasi. Mama Saru alikuja ofisini na naibu wa chifu kama shahidi, amevaa nguo za kanisani. Nilijaza fomu mbili za kupeleka kwa msajili, ya kuzaliwa na ya kifo, na nawaambia ukweli, nilianza na ya aliye hai, kwa sababu niliiogopa ile nyingine. Aliniomba nimsomee nilichoandika. Ya kwanza nikaisoma kwa sauti. Ya pili akasema, "Hiyo soma pole pole." Nikaisoma kwa kunong'ona, jina, siku, sababu ya kifo. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akabonyeza mahali nilipomwonyesha, na baada ya hapo alikaa akikitazama kidole chake mpaka naibu wa chifu akamgusa bega. Rufaa ya timu ya mjini niliikataa kwa barua ya mistari sita. Timu ya Kasigau ikabaki kwenye mchujo.

Mombasa kulikuwa na unyevunyevu, na uwanja wa nyasi sawasawa, wasichana wetu wakavua viatu kwanza wazikanyage. Mechi ilipoanza nilisikia jambo ambalo sikulisikia Voi. "Wakesho," wakamwita. "Wakesho, huku." Waliliita hata pasipo haja, kama watoto waliopewa kitu kipya. Yeye alikuwa anacheka kila anapoitwa, na kila mara anaitika.

Alicheza kama msichana yeyote wa miaka kumi na mitatu. Alichoka mapema. Alianguka. Mguu wake wa kushoto uligonga mpira pembeni mara mbili golikipa akiwa peke yake. Na ile pasi ya kushoto, kule pasipo na mtu, aliipiga kama zamani akakimbia mbele, na mpira ukaviringika polepole kwenye nyasi mpaka ukatoka nje. Akapiga tena, ukatoka. Mara ya tatu alisimama akautazama unavyokwenda, mikono kiunoni, halafu hakuipiga tena pasi ile mpaka mwisho wa mechi. Uwanja wa Mombasa haukuwa na mashimo. Nilijiambia hilo nalo.

Tulifungwa mabao matatu bila. Ng'ambo walikwenda wengine, na sijui hata kama walifika mbali. Baada ya filimbi wasichana wa Kasigau walilia kidogo, kisha wakaanza kula mihogo ya kukaanga ndani ya basi, na Wakesho alikuwa katikati yao, wawili wamemlalia mabega, mmoja amempakata miguu. Hakuna aliyeogopa kumgusa. Alikuwa amevua viatu. Nilipita karibu yake na ningeweza kukitazama kisigino, ni kazi yangu kutazama. Sikukitazama.

Wakesho ni mtu mzima sasa. Ana watoto, na tukionana hunisalimu kwa furaha na kunishika mikono yote miwili. Hajapata kunilaumu. Mpira hakucheza tena.

Ila mama yake nilimkuta peke yake kando ya mstari, jioni ile ya Mombasa, wakati watu wanaondoka. Alikuwa na mfuko wa nailoni mkononi, na ndani yake zile raba za kaburini. Alikuja nazo kutoka Makwasinyi.

"Huyu mmoja nimemwona," akaniambia. "Amecheza. Na yule mwingine umempeleka wapi?"

Nimeulizwa maswali mengi na wazazi, mengine kwa matusi. Hilo lilikuwa la adabu. Nilijibu kile pekee nilichokuwa na hakika nacho.

"Yuko kwenye faili, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa ofisi anayoitafuta. "Basi usifunge hiyo faili."

Kila mwisho wa mwaka tuliyafunga mafaili ya mashindano kwa uzi, tukayapiga muhuri, tukayapeleka stoo. Lile sikulifunga. Wakubwa walipouliza, nilisema kuna barua tunaisubiri. Limo katika droo ya chini ya kabati la kijivu, upande wa dirishani, cheti cha Saru kiko juu kabisa. Mkilikuta halina uzi wala muhuri, liacheni vivyo hivyo, na droo yenyewe msiisukume mpaka mwisho. Kati ya karatasi mtaona vumbi jekundu. Nimelipangusa mara nyingi.